Nitajuaje kama mwanafunzi wangu wa usingizi anafikiri, au anakumbuka tu?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni daktari bingwa wa usingizi na ganzi, nafanya kazi Tanga mjini. Madaktari wanaosomea ubingwa huletwa kwetu kwa wiki chache, na mwisho wa kila awamu natakiwa kuwajazia fomu ya alama. Sasa hivi ninao wawili. Wa kwanza ana kichwa chepesi: ukimwuliza dozi, hatua, madhara ya dawa, anakumwagia vyote bila kusita. Lakini juzi mama wa operesheni aliposhuka presha baada ya sindano ya mgongo, alichoma dawa ileile mara tatu huku ameikodolea macho skrini. Wa pili hasemi sana. Ukimwuliza mbele ya watu anainamisha kichwa, ila nikimtazama kazini naona kama anajua anachokifanya. Fomu yangu inawapa alama zinazokaribiana. Nitapimaje fikra zao, si kumbukumbu zao?

JIBU

Marahaba, dokta, na pole na kazi. Ulichokiona kwa huyo wa kwanza ndicho kipimo chenyewe, ila fomu yako haina mahali pa kukiandika. Alipata habari mpya, kwamba presha imekataa kupanda, na habari hiyo haikubadilisha chochote kichwani mwake. Wazo lake la kwanza lilishindwa naye akabaki nalo. Kwa maoni yangu, katika fani yetu fikra za daktari huonekana mambo yanapobadilika. Kwa hiyo kila kipimo utakachokitunga kiwe na badiliko ndani yake. Swali lisilo na badiliko hupima kumbukumbu, hata likiwa refu na lenye jina la mgonjwa na umri wake.

Daktari wa wodini akimpokea mgonjwa wa homa ana nafasi ya kuuliza, kupima na kusubiri majibu ya maabara. Sisi mara nyingi tunatibu kwanza na kuelewa baadaye, tena mabadiliko tunayoyatibu huenda tumeyaleta wenyewe kwa dawa zetu. Ule mpangilio wa darasani wa historia, vipimo, utambuzi kisha tiba hauonekani thieta, yaani chumba cha upasuaji. Mtu anafikiri huku mikono inafanya kazi. Ukitaka kuziona fikra zake, mtafutie mahali pa kusimama kidogo, na mahali hapo ni pawili: kabla mgonjwa hajaingia, na baada ya kutoka. Katikati, mgonjwa akiwa taabani, usimhoji mtu. Toa amri, saidia, okoa. Maswali yatangoja.

Kabla mgonjwa hajaingia, mimi huuliza mambo mawili tu. Nini kinaweza kumwangusha mgonjwa huyu mikononi mwako? Na ukiona dalili gani utaachana na mpango wako? La kwanza wengi hulijibu vizuri, maana vitabu vimelijaza. La pili ndilo linalowatenga watu. Mzee wa ngiri kutoka Mkinga, mwenye pumu na moyo wa kusuasua, unataka kumpa ganzi ya mgongo: haya, ni kitu gani kikitokea utasema sasa basi, namlaza usingizi kamili? Asiye na jibu hana mpango, ana matumaini.

Sasa turudi kwa mama wako. Sikuwepo, kwa hiyo namba nitazitunga mwenyewe, lakini sura ya tukio unaijua. Mama wa miaka 24 ametoka ng'ambo ya Mto Pangani, kavuka kwa pantoni, kisha akapanda gari kilomita 50 hivi hadi mjini. Uchungu umekwama na imeamuliwa apasuliwe. Anachomwa sindano ya mgongo, dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini nzito, mililita 2.2. Dakika ya nne presha ni 72 kwa 38, mapigo 46. Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, anatoa fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, mikrogramu 100. Haisaidii. Anarudia. Anarudia tena.

Ukimwita pembeni baadaye, usimwulize sababu za presha kushuka baada ya ganzi ya mgongo. Atakutajia zote, kwa mpangilio wa kitabu, nawe utampa alama nzuri kwa haki kabisa. Mwulize hivi: mapigo yalikuwa 46, kwa nini yalishuka, hayakupanda? Hapo hakuna ukurasa wa kukimbilia. Mama anayevuja damu, mwili wake hujitetea kwa kuukimbiza moyo, na mara nyingi ungeona 120 au 130. Mapigo yakishuka pamoja na presha, wazo la ganzi iliyopanda hadi kwenye neva zinazoharakisha moyo, zile zinazotoka kifuani sehemu ya kwanza hadi ya nne, linasogea mbele, pamoja na wazo la moyo unaorudishiwa damu kidogo mno. Fenilefrini hupandisha presha kwa kubana mishipa, na kwa kawaida mapigo huteremka zaidi. Kwa moyo uliokuwa 46, dozi ya pili ilikuwa inamvuta mama upande uleule alikokuwa anakwenda. Aliyesoma mapigo na presha kwa pamoja angeshika efedrini au atropini, dawa zinazoharakisha moyo, na zisipofua dafu, adrenalini kidogo kidogo, maji yakiwa yanakwenda na mama ameegemezwa kushoto.

Kisha mwulize: ungemgusa wapi ili ujue? Swali hili nalipenda kuliko yote. Unampa mama vidole vyako viwili, unamwambia, "Nibane kwa nguvu, mama." Akibana kilegevu, ganzi inakaribia shingo. Sauti yake ikiwa mnong'ono, au akishindwa kukohoa, usisubiri oksimita ya kidoleni ikuambie oksijeni imeshuka, maana yenyewe itachelewa. Ni kitendo cha sekunde chache, hakihitaji kifaa, na mwanafunzi anayekitaja bila kusukumwa amekuonyesha kwamba alikuwa na swali kichwani na alijua jibu lake linapatikana wapi.

Halafu badilisha kitu kimoja. Kila kitu kiwe vilevile, ila mapigo yawe 138. Sasa? Badilisha tena: presha haikushuka, imeruka hadi 210, mama analia kwamba mgongo na matako vinaungua, na miguu inarukaruka. Anayefikiri hatashika sindano nyingine. Ataomba aone kichupa kilichotumika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya asidi ya traneksamiki, dawa yetu ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, kwamba vichupa vyake vinaweza kufanana na vya bupivakeini na imewahi kudungwa mgongoni kimakosa wakati wa operesheni za uzazi. Mwanafunzi anaweza kuwa hajawahi kusikia tahadhari hiyo na bado akafika kwenye kichupa kwa kufikiri tu: picha hii hailingani na dawa niliyodhani nimeitoa, basi huenda sikuitoa hiyo. Huyo mpe alama kubwa kuliko aliyeisoma.

Wenzetu wa Bodi ya Marekani ya fani yetu, katika mtihani wao wa mdomo, wanapima wazi kabisa uwezo wa mtahiniwa kwenda na kisa kinapogeuka, sambamba na maamuzi yake na jinsi anavyojieleza. Tangu 2018 wameongeza na vituo vya vitendo, mtindo ulioanzishwa na Ronald Harden kule Dundee na kuelezwa mwaka 1975. Wewe huhitaji bodi. Mazungumzo ya dakika kumi na tano, ukiwa na karatasi ya usingizi ya mgonjwa halisi mbele yenu, yanatosha kufanya kazi hiyohiyo, sharti maswali yako yawe yanasogeza kisa.

Nije kwa huyo mkimya wako, maana nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Mtoto aliyelelewa vizuri huku pwani hamkatizi mkubwa. Mbele ya bingwa, muuguzi mkuu wa thieta na wanafunzi wenzake, atasema "Ndiyo, dokta" hata kama ana hoja nzito inayokupinga. Ukimhoji mbele ya kadamnasi unapima ujasiri wake wa kusema, na ukimpa sifuri umemwadhibu kwa adabu yake. Jaribu mambo haya. Mhoji mkiwa wawili. Mpe kipande cha karatasi aandike mawazo yake mawili ya kwanza kabla hujafungua mdomo, kwa sababu bingwa akishasema, mwanafunzi mwenye heshima hana tena wazo la kwake. Anza wewe kutoa shaka yako: "Mimi hapa sina uhakika kama ilikuwa ganzi au damu, wewe unaonaje?" Na mdai wazo la pili kila mara, hata likiwa baya. Mtu mwenye wazo moja tu hawezi kulibadilisha.

Tena mwache aseme Kiswahili. Mtihani wa mwisho ni wa Kiingereza, sawa, na ataujiandalia. Lakini saa nane ya usiku thieta ya Tanga inazungumza Kiswahili kilichochanganyika na majina ya dawa, na fikra zinazookoa mgonjwa hupita kwa lugha hiyo. Nimekaa na vijana wengi ambao Kiingereza chao kinawapa alama za fikra wasizokuwa nazo, na wengine kinawanyang'anya walizo nazo. Huyo wa kwanza wako, mwulize kwa Kiswahili kwa nini mapigo yalishuka. Utashangaa jinsi sentensi zake zitakavyofupika. Wa pili huenda zikarefuka.

Hata hivyo usiufanye ukimya kuwa ushahidi wa hekima. Unasema "naona kama anajua", na hilo "kama" ndilo lililobaki kupimwa. Vilevile kusema kwa sauti ni sehemu ya kazi yetu: anayeona presha inashuka na kunyamaza ili asimsumbue daktari wa upasuaji amefikiri nusu. Kwa hiyo mtafutie njia ya kujieleza, halafu mdai aitumie.

Kuna mtego mwingine unaotukamata sisi wapimaji, na huu ni mkubwa kuliko tunavyokubali. Mama akipona, tunasema kijana alifikiri vizuri. Mama akiumia, tunasema hakufikiri. Mwaka 1991 Caplan na wenzake walichapisha huko Marekani utafiti uliowahusu mabingwa 112 wa usingizi. Walichukua visa vya wagonjwa waliodhurika na kutengeneza nakala pacha: kisa kilekile, kazi ileile, ila katika nakala moja madhara ni ya muda na katika nyingine ni ya kudumu. Wakawaomba mabingwa wahukumu ubora wa huduma. Pale madhara yalipoandikwa kuwa ya kudumu, hukumu ilikuwa kali zaidi, ingawa daktari wa kwenye karatasi alikuwa amefanya mambo yaleyale. Hao ni mabingwa, dokta, watu kama wewe na mimi.

Dawa yake ni kusimama kwenye uamuzi kabla ya matokeo. Unapomtumia mgonjwa wa jana kumpima rezidenti ambaye hakuwepo, mweleze hadi dakika ya nne, funga karatasi, msikilize, andika maoni yako, kisha ndipo umweleze kilichotokea. Na unapompima aliyekuwepo, jiulize kwa dhati: kama mama huyu angepona kwa bahati, ningeandika nini? Huenda mama aliyehudumiwa na huyo wa kwanza wako alipona. Kuchoma dawa ileile mara tatu bila kuwaza upya hakukugeuka kuwa fikra nzuri kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa mitihani ya maandishi, kuna mtindo mmoja nautaja kwa sababu unajengwa juu ya badiliko. Bernard Charlin na wenzake wa Montreal, Kanada, ndio walioutengeneza, nao unapima kama mtahiniwa anazipima habari mpya kama wazoefu wanavyozipima. Swali lake linakuwa hivi: una mama mwenye kifafa cha mimba kinachonyemelea, presha 158 kwa 104, umepanga ganzi ya mgongo. Unaletewa majibu: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 62,000, na jana zilikuwa 110,000. Je, mpango wako wa ganzi ya mgongo sasa una nguvu kidogo sana, kidogo, vilevile, zaidi, au zaidi sana? Kuanzia hasi mbili hadi chanya mbili. Kinachomshtua mzoefu hapa si 62,000 peke yake. Ni kwamba zimeporomoka karibu nusu kwa siku moja, kwa hiyo wakati sindano inaingia huenda hazitakuwa hata hizo.

Alama haziamuliwi na jibu moja la kitabu. Unawapa mabingwa kumi hadi ishirini maswali hayohayo. Tuseme kati ya kumi, sita wamechagua hasi mbili, watatu hasi moja, mmoja sifuri. Mwanafunzi aliyechagua hasi mbili anapata alama nzima, hasi moja anapata nusu, sifuri anapata kama 0.17. Nimeupenda mtindo huu kwa sababu unakiri kwamba wazoefu nao hutofautiana. Mabingwa wa ukanda huu tuna makundi ya simu, na maswali ishirini unaweza kuyasambaza wiki hii na kupata majibu kabla ya Ijumaa.

Ila usiutumie kumfelisha mtu. Mwaka 2013 Lineberry, Kreiter na Bordage walionyesha nyufa zake, mojawapo ikiwa kwamba mtahiniwa anayekwepa ncha mbili za kipimo na kubaki katikati anaweza kujiongezea alama bila kufikiri zaidi. Na kwetu kuna ufa wa ziada: jopo lako likiwa la watu wanaofanya kazi mahali ambapo majibu ya chembe sahani hutoka kwa nusu saa na damu ipo tele, majibu yao hayatafanana na ya bingwa wa wilayani ambaye chaguo lake ni ganzi ya mgongo au mrija wa koo katika koo lililovimba, tena akiwa na msaidizi mmoja. Wote wawili wanafikiri vizuri. Utumie kufundishia: mwonyeshe mwanafunzi wapi amekwenda kinyume na jopo, kisha mwambie ajitetee. Utetezi huo ndio unaouandika kwenye fomu.

Mtindo wa vipengele muhimu, uliokuzwa na Bordage na Page nao wa Kanada, ni rahisi zaidi. Unajiuliza katika kisa hiki ni maamuzi gani machache yanayomwua au kumwokoa mgonjwa, na unauliza hayo tu. Mtoto wa miaka mitatu kutoka Muheza amevuta mbegu ya chungwa ikaingia kwenye pafu. Usiulize uzito wala saa za kufunga kula. Uliza: utamwacha apumue mwenyewe au utamlegeza misuli, na utafanyia hapa au utampeleka Muhimbili, na kama unampeleka, nani anakaa naye kwenye gari na ameshika nini? Kijana akikuambia atampeleka kwa sababu hapa hamna kifaa cha kuitolea, muulize atafanyaje mambo yakiharibika njiani, pale Segera. Basi, umemaliza mtihani.

Kuhusu mazoezi ya kuigiza, usingoje mdoli wa mamilioni. Mtu mmoja alale kitandani, muuguzi wa kweli asimame mahali pake, nawe ushike kishikwambi au hata kadi zilizoandikwa presha, mapigo na oksijeni, uzibadilishe kadiri wanavyotenda. Katikati ya kisa sema "Simama!", funika kadi, mwulize mambo matatu: unaona nini, maana yake nini, na dakika mbili zijazo kitatokea nini? Ngazi hizo tatu zinatokana na kazi ya Mica Endsley, aliyechunguza marubani kabla hazijafika kwetu. La tatu ndilo la fikra. Anayeweza kukuambia kwamba presha itakuwa 60 asipofanya kitu yuko mbele ya mgonjwa. Anayesoma namba tu yuko nyuma yake.

Na weka jaribio la masikio. Mwaka 2005 Elaine Bromiley, mama wa watoto wawili, aliingia hospitali moja Uingereza kwa upasuaji mdogo wa sinasi. Baada ya kulazwa usingizi, njia ya hewa ikakataa. Madaktari waliokuwepo walikuwa wazoefu. Waliendelea kujaribu kuingiza mrija kwenye koo, jaribio baada ya jaribio, oksijeni ikiwa chini mno, na muuguzi aliyeleta vifaa vya kutoboa koo na kusema vipo tayari hakusikilizwa. Alifariki siku kadhaa baadaye. Mumewe Martin, rubani wa ndege, aliamua kisa kielezwe hadharani ili wengine wajifunze, na leo kinafundishwa duniani kote. Huyo wa kwanza wako alishikwa na kitu cha jamii hiyohiyo, kung'ang'ania wazo moja, na hali hiyo haibagui mwenye akili. Kwa hiyo katika igizo lako mwelekeze muuguzi aseme sentensi moja muhimu, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida: "Dokta, mama anasema mikono imekufa ganzi." Kisha tazama. Je, kichwa kimegeuka? Je, mkono umekwenda kwenye kiganja cha mama? Huko Aberdeen, Uskochi, wametengeneza mfumo mzima wa kupima stadi hizi za daktari wa usingizi, wenye makundi manne: kupanga kazi, kufanya kazi na wenzio, kujua hali inavyokwenda, na kuamua. Ukiweza kuupata, utumie. Usipoupata, sentensi hiyo moja ya muuguzi itakuonyesha mengi.

Ukishampima mtu kwa kisa kimoja, bado hujui mengi. Elstein, Shulman na Sprafka, katika kazi yao ya 1978 huko Marekani, walikuta kwamba daktari anayefanya vizuri kwenye kisa kimoja anaweza kuvurunda kwenye kingine, kwa sababu fikra za kitabibu haziwezi kutenganishwa na ujuzi wa ugonjwa wenyewe. Huyo anayeyumba kwa mama wa uzazi anaweza kuwa imara kwa mtoto wa ajali ya bodaboda. Ndiyo maana dakika kumi na tano mara mbili kwa wiki, kwa wagonjwa wa aina tofauti na kwa wapimaji tofauti, zina thamani kuliko mtihani mmoja wa saa tatu. Mwombe na muuguzi mwandamizi wa usingizi aandike mistari yake. Wao ndio wanaobeba usingizi mwingi wa nchi hii, na wanajua nani anasikiliza.

Sasa fomu. Kama huwezi kuibadilisha, bandika karatasi ya pili. Tangu 2005 Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, amekuwa akisisitiza tuulize swali la kuaminiwa: kazi hii nimkabidhi huyu kwa kiwango gani? Atazame tu, afanye nikiwa nimesimama karibu, afanye nikiwa ndani ya jengo, afanye mwenyewe, asimamie wengine. Kwako wewe swali linakuwa hili: operesheni ya uzazi saa nane ya usiku, nikiwa nyumbani Raskazone, nimwachie? Andika jibu kwa kila aina ya kazi peke yake, na chini yake andika ulichokiona, kwa sentensi. "Alirudia fenilefrini kwa mapigo 46, alipoulizwa baadaye hakuhusisha mapigo na dawa" ina faida kuliko namba 3. Ongeza mstari mmoja: angeniita kwa jambo gani? Mwulize mwenyewe. Anayesema "Sitakusumbua, dokta" bado asiachwe peke yake. Anayesema "Mapigo yakishuka chini ya 50 na efedrini moja isisaidie, nakupigia huku natoa atropini" ameweka mpaka wa ujuzi wake kwa namba, na huo ni ufikiri wa hali ya juu.

Kwa hawa wawili, ningefanya hivi kabla hawajaondoka. Wa kwanza mpe visa vitatu vya mfululizo ambavyo wazo la kwanza ni la kweli mwanzoni na si la kweli dakika tano baadaye, na mwambie mapema kabisa kwamba hicho ndicho unachokipima. Akijua, wengi wa aina yake hubadilika haraka, kwa sababu maarifa anayo. Amezoea tu kusifiwa kwa kuyataja. Wa pili kaa naye peke yenu, kwa Kiswahili, karatasi ya mgonjwa wake mwenyewe mbele yenu, halafu siku inayofuata mweke awe kiongozi wa igizo na muuguzi anayemheshimu. Utajua kama ukimya ule ulikuwa na kitu ndani.

Na kwa kuwa Tanga yetu ni ya waja leo waondoka leo, na marezidenti nao ndio hivyo, usiache sentensi zako zibaki kwenye faili lako. Mpe kila mmoja nakala aisome mbele yako na aseme kama anaitambua, kisha iende chuoni pamoja na fomu ya alama, ili bingwa atakayempokea aanze pale ulipoishia, asianze tena kwa kumwuliza dozi.